UZI: Milima ya skii wakati wa kiangazi ukiwa na watoto, wakuu shukieni kituo cha kati

Baba Wawili wa Tabata

Wakuu habarini. Kuna swali linajirudia humu kila shule zikikaribia kufungwa, mtu ana dada au mdogo wake yuko Uswisi, Ufaransa, Austria au Canada, kaalikwa aende na watoto, afu anaambiwa tutawapeleka milimani kule kwenye skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji. Anabaki kujiuliza skii ya Julai hiyo ikoje, theluji yenyewe si imeyeyuka, tutakaa kuangalia nini. Na majibu anayopewa mengi ni ya kumkatisha tamaa, eti nenda Paris tu wapige picha na mnara. Mi naona tofauti kabisa. Dada yangu anaishi upande wa Bern na tumeshakaa kwake na watoto, na kwa familia ya Dar yenye watoto wadogo sijaona sehemu Ulaya nzuri kuliko mji wa skii kipindi ambacho hakuna skii. Ngoja nieleze kwa kirefu, wenye haraka mtanisamehe.

Kwanza muelewe hivi vituo vinavyoendeshwa. Mlima wa skii umetandikwa lifti kila upande, kuna kebokaa kubwa, yaani behewa linaloning'inia kwenye waya, kuna vibanda vidogo vinavyoning'inia kwenye waya vya watu sita au nane, kuna viti vya wazi unakaa miguu inaning'inia hewani, na kuna treni za reli ya meno, yaani gurudumu lina meno yanayong'ata reli lisiteleze mlimani. Kipupwe zinapandisha watelezaji. Theluji ikiyeyuka zile njia za kutelezea zinageuka majani mabichi, ng'ombe wanapandishwa malishoni, na lifti zilezile nyingi zinaendelea na kazi, sasa zinabeba watoto, mabibi, vigari vya watoto na baiskeli. Kwahiyo ile kazi ngumu ya mlima, yaani kupanda, umeshafanyiwa. Mtoto wa miaka mitano ambaye hapa ukimtembeza kutoka Buguruni mpaka Tabata analia njia nzima, anafika mita 2,200 juu ya usawa wa bahari hajachoka hata kidogo na ana nguvu zote za kucheza.

Kalenda nayo inatukubali. Likizo yetu ya Juni inaangukia pale pale kiangazi chao kinapoanza. Ila msiwahi sana, lifti za juu nyingi zinafunguliwa katikati ya Juni hivi, na kabla ya hapo njia za juu ya mita 2,000 bado zinaweza kuwa na theluji chafu inayoteleza, mguu wa mtoto unazama mpaka goti. Wiki ya mwisho ya Juni mpaka Septemba mwanzoni ndo muda wake. Mchana bondeni ni nyuzi 20 mpaka 25, usiku inashuka kwenye 10, na mwanzoni mwa Julai jua linazama saa tatu usiku imepita. Hilo la jua mliwekee mpango mapema, watoto wetu wamezoea giza la saa kumi na mbili na nusu, kule saa mbili usiku bado kweupe wanakwambia baba hatulali bado mchana. Chukueni chumba chenye mapazia mazito.

Sasa jambo lenyewe lililonifanya nifungue uzi. Waalikwa wengi wakifika wanakimbilia kilele cha juu kabisa kinachofikika kwa lifti. Chamonix kule Ufaransa kuna Aiguille du Midi, mita 3,842. Uswisi kuna Jungfraujoch, mita 3,454, treni yake ilifika pale mwaka 1912. Zermatt kuna Klein Matterhorn, mita 3,883. Vinavutia, sikatai. Lakini fanyeni hesabu ya nyumbani. Mtu anayepanda Kilimanjaro kwa Marangu analala Mandara, mita 2,720, kesho yake ndo anafika Horombo, mita 3,720. Siku mbili hizo, na wapagazi wanamwambia pole pole. Aiguille du Midi iko juu kuliko Horombo na unafika kwa dakika kama 20 kutoka mjini kwenye mita 1,035, na wewe juzi tu ulikuwa usawa wa bahari unakula mihogo Coco Beach. Kila pumzi unayovuta pale juu ina oksijeni chini kidogo ya theluthi mbili ya ile ya Dar. Mtu mzima anasikia kichwa kinagonga na pumzi fupi, mtoto mdogo hawezi hata kukueleza anachosikia, anakuwa mnyonge tu, anakataa kula, anatapika. Kebokaa ya pale watoto chini ya miaka 3 hawaruhusiwi kabisa, na sheria hiyo ina sababu.

Ndo maana nasema shukieni kituo cha kati. Kebokaa nyingi ndefu zina kituo njiani, watu wanabadilisha pale haraka haraka kwenda juu hata hawaangalii nje. Kwa Aiguille du Midi kituo hicho kinaitwa Plan de l'Aiguille, mita 2,317. Unashuka, unatoka nje, kuna majani, kuna mawe makubwa ya kukalia, barafu yote ya Mont Blanc iko mbele yako, hewa inatosha, na watoto wanakimbia. Tiketi ya mpaka pale ni nafuu kuliko ya mpaka juu. Jungfraujoch kutokea Interlaken kwenda na kurudi ni zaidi ya franka 200 za Uswisi kwa mtu mzima asiye na punguzo, zidisha familia, afu ukifika watoto wanakaa kwenye korido za ndani ya mwamba wamejikunyata. Hela hiyo hiyo bondeni inawapa siku kadhaa za furaha kabisa.

Mifano ninayoipenda. Zermatt kuna treni inayopita ndani ya handaki, dakika chache tu unatokea Sunnegga, mita 2,288, chini yake kidogo kuna kiziwa kinaitwa Leisee. Pale kuna uwanja wa michezo wa watoto, kuna rafu ya mbao wanaivuta wenyewe kwa kamba kukatisha maji, na mlima Matterhorn wa mita 4,478 umesimama mbele kama umewekwa kwa ajili yenu. Maji ya baridi sana ila watoto wanaingia, watoto hawana habari. Grindelwald kuna lifti ya First, mita 2,168, kutoka pale unatembea karibu saa moja njia pana isiyo na shida mpaka ziwa Bachalpsee. Kurudi chini wenye watoto wakubwa wanakodi vigari vya magurudumu matatu visivyo na injini, mvutano wa mlima ndo mafuta yake, wewe kazi yako ni breki na usukani tu. Wengine wanachukua baiskeli fulani hazina kiti wala pedeli, unasimama tu zinateremka. Umri na urefu vinaangaliwa, msidanganye urefu wa mtoto, wanampima kwenye ubao.

Halafu Männlichen, bonde hilohilo. Pale juu kuna ng'ombe mkubwa wa mbao, watoto wanaingia tumboni mwake na kuserereka. Ukitoka hapo kuna njia ya karibu kilomita 4 na nusu mpaka Kleine Scheidegg, karibu yote ni tambarare au mteremko mdogo, upande mmoja unaangalia milima ya Eiger, Mönch na Jungfrau. Ni saa moja na nusu kwa mtu mzima, ninyi wekeni saa tatu, kwasababu watasimama kila penye ua, kila penye jiwe na kila penye mdudu, na waacheni wasimame, ndo safari yenyewe hiyo.

Nitaendelea na ishu ya mavazi na usalama, ulizeni wakati naandika.

mama_mbezi

Asante sana kaka yangu, umenigusa kabisa, wifi yangu yuko Lyon katualika Julai na mimi nina wa miaka 3 na wa miaka 8. Swali langu, nguo. Huku makoti ya watoto ya baridi tunayapata wapi na kweli yanahitajika kama ni nyuzi 25?

Baba Wawili wa Tabata

Dada yanahitajika. Kila ukipanda mita 1,000 joto linapungua kama nyuzi 6 na kitu, kwahiyo bondeni 24 juu kwenye mita 2,300 inakuwa kama 16, ukiongeza upepo mtoto wa Mbezi anatetemeka. Ila usinunue mpya, nenda Karume mapema asubuhi wakati wanafungua marobota, uliza majaketi ya mvua ya watoto na masweta ya manyoya yale mepesi ya kuvuta zipu. Yale mengi yametoka hukohuko. Mpango ni tabaka, fulana, sweta, jaketi la juu lisilopitisha maji. Koti moja zito halisaidii, akikimbia anatoka jasho akisimama jasho linapoa mwilini. Ongeza kofia, soksi ndefu na viatu vya kufunga vyenye soli ya kung'ata. Sendo na raba za soli laini hapana, kokoto za kule zinateleza.

Afu jua. Kuna dhana kwamba sisi weusi hatuungui. Mionzi inaongezeka kama asilimia 10 kila mita 1,000, na hewa ya kule ni kavu mno kulinganisha na unyevu wetu wa Dar. Midomo inapasuka, pua zinatoa damu usiku, ngozi inakuwa nyeupe mpaka masikioni. Mafuta ya kuzuia jua usoni, miwani kwa kila mtoto, mafuta ya mgando mfukoni mwako muda wote, na maji mengi. Maji yenyewe msinunue. Vijiji vya Uswisi vina chemchemi za bomba njiani, unajaza chupa unakunywa, isipokuwa pale palipoandikwa kwamba si ya kunywa, kwa Kijerumani utaona maneno Kein Trinkwasser.

Kwa huyo wa miaka 3, dada, Chamonix ni saa chache tu kutoka Lyon, na mkilala pale mnapewa kadi ya mgeni, mabasi ya bondeni na treni ndogo ya bonde hamlipi. Ulizia hiyo kadi kila mji mnaofika, sehemu nyingi za milima ya Alps zinatoa, zingine ni mabasi tu, zingine punguzo la lifti.

Kijana wa Moshi

Mkuu umetaja Horombo nikasema huyu anajua anachoongea. Mimi nimebeba mizigo Marangu na nimeona wazungu wazima wanarudishwa kwa machela kisa kichwa. Sasa ule mjadala wa 2019 wa mpango wa kujenga kebokaa Kilimanjaro wewe unasimamia wapi? Maana ukisifia kebokaa za watu sisi huku ni mkate wetu.

Baba Wawili wa Tabata

Ndugu yangu nasimama na nyie kwenye mkate, na pia naongeza sababu ya mwili. Kebokaa za kule zimejengwa kwa ajili ya skii, biashara ya miezi ya baridi ndo ililipia chuma na waya, kiangazi kinatumia kitu ambacho tayari kipo. Kilimanjaro hakuna skii ya kulipia gharama hiyo. Na kumpandisha mtu haraka kwenye mita 3,700 ni kazi inayohitaji daktari karibu, wewe unajua kuliko mimi.

Kuna kitu kingine ningetaka kila mzazi wa huku akaonyeshe watoto. Chamonix kuna treni ya meno ya Montenvers, ilianza mwaka 1908, inapeleka watu kuangalia mto wa barafu unaitwa Mer de Glace. Kwenye njia ya zamani ya kushukia kuna vibao, kila kibao kimeandikwa mwaka, kuonyesha barafu ilikuwa inafika wapi mwaka huo. Walipojenga lifti ya kushushia watu mwaka 1988 zilitosha ngazi tatu tu ukafika kwenye barafu. Baadae ngazi zikapita 500. Ikabidi wajenge lifti nyingine mbele zaidi, imefunguliwa 2024. Mtoto anasimama kwenye kibao cha mwaka karibu na ule aliozaliwa mama yake, anaangalia chini, barafu iko mbali kule chini ya kokoto za kijivu. Huhitaji kumwelezea sana. Na sisi la kwetu tunalo, barafu ya Kilimanjaro kati ya 1912 na 2011 ilipungua kwa asilimia 85 hivi. Na ndo sababu kubwa hivi vituo vinakazana na kiangazi, vile vya chini chini theluji yao haiaminiki tena.

DullahIlala

Assalaam alaykum. Kaka vipi chakula? Sisi tunakula halali tu na naskia mlimani ni soseji za nguruwe na mvinyo kila mahali. Na bei za migahawa je?

Baba Wawili wa Tabata

Waalaykum salaam kaka. Migahawa ya juu mlimani ni ghali, sikushauri uitegemee kwa familia, mara moja ya kuonja inatosha. Uzuri wake ni kwamba Uswisi wana utaratibu wa meko ya umma njiani, yaani mahali pamejengwa kwa mawe, kuna wavu wa kuchomea na mabenchi, mara nyingi hata kuni zimepangwa pembeni, hulipi chochote. Familia za kule Jumapili zote ziko hapo. Mnachofanya ni kununua nyama mjini mkiwa bado Bern au Geneva, miji yao ina mabucha ya Waturuki yenye halali, mnaweka viungo vyenu usiku, kesho yake mnapanda nayo kwenye chombo cha barafu. Sisi tumechoma kuku wa pilipili na limao pembeni ya ziwa, mama watoto kapika chapati asubuhi kwa dada, na wale wazee wa Kiswisi wa meza ya pili harufu iliwashinda wakaja kuuliza, tukawagawia. Angalia tu kama kuna tangazo la kukataza moto, kiangazi kikiwa kikavu wanapiga marufuku na wana msimamo kweli. Mkiondoka zimeni kwa maji na takataka rudini nazo zote.

Kwa asiyechoma, mkate, jibini la mlimani, mayai ya kuchemsha, matunda. Jibini kule mnaweza kulinunua kwa mfugaji mwenyewe, kibanda kiko palepale malishoni, anatengeneza kwa maziwa ya ng'ombe mnaowaona.

Na kuhusu hao ng'ombe naomba mnisikilize vizuri. Wana kengele shingoni, wanapendeza, watoto watataka kuwashika. Ng'ombe mwenye ndama hashikwi. Njia ikipita katikati ya kundi zungukeni mbali taratibu, bila kupiga kelele, msimguse ndama. Upande wa Ufaransa mtakutana na mbwa wakubwa weupe wanalinda kondoo, hao nao msiwarushie kitu wala kukimbia, simameni, ongeeni kwa sauti ya kawaida, pitieni mbali. Nyuzi nyembamba nyeupe au za machungwa zilizozungushiwa malisho zina umeme. Hauui ila mtoto atalia. Penye mlango kuna mshikio wa plastiki wenye springi, unaushika palepale kwenye plastiki, unauvuta kutoka kwenye ndoano, familia inapita, unarudisha ndoano mahali pake. Kazi hiyo mpe mkubwa wa watoto ajisikie kiongozi, ila ahakikishe amefunga.

ShangaziK

Mwanangu umeeleza vizuri mpaka nimetamani. Mimi na umri huu na magoti haya nitapanda hivyo viti vinavyoning'inia? Binti yangu yuko Denver Marekani, sio Ulaya.

Baba Wawili wa Tabata

Shikamoo shangazi. Vibanda vilivyofungwa ndo vyako kabisa, vikiingia kituoni vinapunguza mwendo mpaka vinatambaa, mlango unafunguka wenyewe, unaingia kama unaingia kwenye lifti ya ghorofani Posta. Vile viti vya wazi vinahitaji wepesi kidogo, unasimama kwenye alama, kiti kinakuja nyuma ya magoti, unakaa, unashusha chuma cha mbele. Mwambie kijana anayesimamia akupunguzie mwendo, wakati wa kiangazi wanakubali bila shida. Mtoto mdogo akae pembeni ya mtu mzima, begi ulitoe mgongoni ulipakate.

Kwa Denver sasa, sikiliza shangazi yangu. Vituo vya Colorado viko juu kuliko vingi vya Ulaya, tena mji wenyewe ndo uko juu. Breckenridge pale mtaani tu ni mita 2,926, juu kuliko kibanda cha Mandara, yaani unalala hapo. Vail ni karibu mita 2,500. Denver yenyewe ni mita 1,609, kaa kwa binti yako siku kadhaa mwili uzoee, kunywa maji, ndo mpande, na kama unatumia dawa za presha ongea na daktari wako huku kabla hujaondoka. Kule Marekani vituo vingi viko kwenye ardhi ya msitu wa serikali, na sheria iliyopitishwa 2011 ndo iliruhusu wazi waweke ziplaini (unaserereka hewani umening'inia kwenye waya), njia za kamba juu ya miti na njia za baiskeli, ila ikakataza mabwawa ya kuogelea na viwanja vya gofu. Kwahiyo utakuta michezo ya milimani tu. Wajukuu watapenda kile kigari cha relini kinachoteremka msituni, wanakaa wawili, mkono kwenye nondo mbili, ukisukuma mbele kinaenda ukivuta nyuma kinafunga breki. Kuna kingine cha zamani kinaserereka kwenye mfereji bila reli, hicho wavae suruali na mikono mirefu, ukianguka unachubuka viwiko vibaya.

Mwenye ndugu Vancouver, Whistler ina kebokaa inaunganisha milima miwili, kilomita 4.4, katikati uko mita 436 juu ya bonde, ilifunguliwa Desemba 2008. Kiangazi unaweza kuona dubu weusi wanakula majani kwenye njia za skii ukiwa juu salama. Pale pia ndo pana njia za baiskeli za mteremko zinazojulikana dunia nzima, baiskeli inaning'inizwa kwenye lifti unapanda nayo. Kwa mwanafunzi anaanza na njia za kijani, na asipande bila helmeti ya uso mzima na vya kukinga magoti.

mama_mbezi

Kaka samahani nakurudisha, mvua je? Na mtu akiumia huko juu inakuwaje?

Baba Wawili wa Tabata

Swali la maana sana hilo. Julai na Agosti asubuhi inaweza kuwa kweupe kabisa afu kuanzia saa nane mchana mawingu yanapanda kwa kasi na radi inaanza. Lifti zinasimamishwa radi ikikaribia. Pandeni ya kwanza kwanza, saa mbili na nusu saa tatu asubuhi, mle chakula juu, saa nane muwe mnashuka. Na ukifika kituoni jambo la kwanza soma ubao wa lifti ya mwisho kushuka, sehemu zingine ni saa kumi na nusu tu, ikiondoka imeondoka, mtashuka kwa miguu na watoto mgongoni.

Uswisi mabango ya njia ni ya njano na yanaandika muda badala ya kilomita. Muda huo ni wa mtu mzima anayetembea bila kusimama, na watoto zidisha mara mbili. Bango la njano tupu ndo lenu. Ukiona alama nyeupe nyekundu nyeupe hiyo ni njia ya mlima, ina mawe na sehemu za kushika, kwa wa miaka 8 mzoefu sawa, wa miaka 3 hapana. Nyeupe bluu nyeupe geuzeni mrudi.

Dharura Ulaya ni 112, na helikopta za uokoaji Uswisi zinaitwa kwa 1414. Helikopta ni hela ndefu. Bima ya viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, lazima iwe na kiwango cha chini cha euro 30,000, lakini soma karatasi yake yote kabla hujalipa, bima nyingi za bei poa zinaondoa baiskeli za mlimani, ziplaini na michezo kama hiyo. Muulize wakala akuonyeshe mstari unaosema uokoaji mlimani umo. Asipouonyesha tafuta bima nyingine.

Viza yenyewe tangu Juni 2024 ni euro 90 mtu mzima, watoto wa miaka 6 mpaka chini ya 12 ni 45, chini ya 6 bure. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15. Wa Julai, anza Februari au Machi kutafuta nafasi ya kupeleka makaratasi, usingoje Mei. Ukiwa Uswisi, mzazi mwenye Swiss Travel Pass, tiketi moja ya watalii ya treni na mabasi kwa siku kadhaa, watoto wake wa miaka 6 mpaka 15 wanapanda bure kwa kadi ya familia, chini ya 6 hawalipi kabisa, ila hiyo kadi ya familia iombwe pamoja na tiketi.

DullahIlala

Na sisi tusio na ndugu Ulaya? Viza ya huko kwa familia ya watu watano sio mchezo.

Baba Wawili wa Tabata

Kaka kwa hilo angalia kusini. Lesotho kuna kituo cha skii kinaitwa Afriski, kwenye milima ya Maluti, mita 3,222 pale juu. Theluji yao ni Juni mpaka Agosti, kwahiyo kiangazi chao kinaangukia Desemba, likizo ndefu ya watoto wetu. Ni safari ya gari ya karibu saa tano kutoka Johannesburg, unapitia Butha-Buthe, unapanda kona za Moteng. Kiangazi wana baiskeli za mlimani, njia za kutembea na kukimbia. Na nchi yenyewe ina farasi wadogo wa Kibasotho, wapole, wanatembea kwenye mawe bila kuteleza, wenyeji wamejifunika mablanketi yao wanakuongoza. Upande wa Semonkong kuna maporomoko ya Maletsunyane, mita 192, unafika kwa farasi hao hao.

Ila kanuni ya kutopanda juu haraka iko palepale, tena zaidi kwasababu pale Afriski hakuna kituo cha kati, ukifika umeshafika juu ya mita 3,000. Usiende moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege wa Johannesburg ukalale juu na watoto siku hiyo hiyo. Johannesburg yenyewe ni karibu mita 1,750, laleni hapo usiku mmoja, mwingine Clarens au Butha-Buthe chini ya mlima, ndo mpande asubuhi na mapema, maana Desemba radi za mchana za Maluti ni kali kuliko hata za Alps. Bebeni vyeti vya kuzaliwa vya watoto original, mnavuka mipaka miwili, na kama mzazi mmoja anabaki Dar awaandikie barua ya idhini.

Mwenye familia ya watu watano achukue gari ya juu juu, gari ndogo ya chini kona zile itamtesa. Nikipata muda jioni naweka ratiba ya siku kwa siku ya Grindelwald na bonde lake, mama_mbezi naomba uniandikie hapa tarehe zenu ili nikupangie na ya Chamonix kwa huyo wa miaka 3.